Jioni ya Watu Kumi na Wawili

Leo nimeaibika, na sijaaibikia chumbani. Nimeaibika mbele ya nusu ya Manyoni, na hapa ninapoandika bado nina unga wa mahindi kwenye nywele (mtaelewa).

Mnajua nilivyoacha kazi kwenye mashine ya kaka yangu ya kukamua alizeti. Nilimwambia nataka kuandaa hafla. Siyo za maturubai na spika zinazokoroma, hapana. Hafla za jioni, watu wachache, ndani ya jengo lenye historia. Kaka alicheka mpaka akashika mlango. "Utarudi hapa hapa mashineni," akasema.

Jengo lilikuwepo: ile nyumba ya mawe karibu na reli, ya enzi za Wajerumani, tunayoipita kila siku bila kuitazama. Anayeitunza ni Mzee Mghenyi. Ameifagia zaidi ya miaka thelathini, na tangu afiwe na mkewe anaishi peke yake kwenye chumba cha uani. Mteja nilimpata Dodoma, Madam Stella. Angeleta wageni kumi na wawili waje kula chakula na kusikia historia. Wakifurahi, ataleta wengine kila mwisho wa mwezi. Wasipofurahi, mimi na alizeti tena.

Nikajituma. Viti nikavivisha vitambaa vyeupe. Muziki nikaukataza, nataka utulivu. Kwenye kadi nikaandika: mavazi meusi tu. (Wazo hilo nililitoa kwenye simu, ambako ujinga wangu mwingi hutoka.)

Halafu nikafanya jambo nililoliona la akili kuliko yote. Kwa kuwa Mzee Mghenyi ndiye angesimulia historia, niliikuza picha yake ya ujanani, nikaitia kwenye fremu, nikaiweka mezani barazani. Pembeni maua. Mbele mshumaa. Na daftari la wageni kuandika majina.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mzee alikuwa amevuka reli kwenda kunyolewa na kupigisha pasi koti lake. Mama Rehema, jirani, akapita na ndoo ya maji kichwani. Akaiona meza. Akatua ndoo. Akasimama muda mrefu, mkono mdomoni, kisha akaondoka bila hata kunisalimu. Nikajisemea, umeona? Hata Mama Rehema ameguswa na ubunifu wangu!

Saa kumi na moja akarudi na wanawake wengine watatu. Mmoja ana mzigo wa kuni, mwingine mkeka, yeye mwenyewe beseni la unga. Nikawazuia mlangoni kwa tabasamu la kiofisi.

"Shikamooni mama zangu. Samahani, mna kadi?"

Mama Rehema akanitazama kwa huruma. "Kadi ya msiba, mwanangu?"

"Msiba gani?"

"Jikaze," akasema, akanikumbatia na beseni lake. Unga wote ukaishia kichwani kwangu.

Nikasema hakuna aliyekufa. Nikasema tena kwa sauti. Mwisho nikapiga kelele kabisa.

"Bado hajakubali," akasema mwenye kuni. "Mkalisheni, mpeni maji."

Nikakalishwa mkekani, nikapewa maji. (Niliyanywa. Ningefanyaje?) Nikampigia Mzee, simu imezimwa. Ndani ya saa moja uwanja ukajaa. Moto unawaka, wazee wamekalia viti vyangu vyeupe, wanaume wanapangana nani akachimbe kaburi, na kwenye daftari langu kuna foleni.

Ndipo yakaingia magari ya Madam Stella. Wakashuka watu kumi na wawili, wote wamevaa nyeusi, kama nilivyoagiza kwa mkono wangu mwenyewe.

"Na wa Dodoma wamefika!" mama mmoja akalia. Kilio kikapanda upya.

Madam Stella akaniinamia pale mkekani. "Pole sana dada. Ungetupigia tu tukaahirisha."

"Hakuna msiba, Madam."

"Pole," akarudia, akaenda kuandika jina.

Hajamaliza kuandika, Mzee Mghenyi akatokea getini. Amenyolewa. Koti limenyooka. Jamani, zile mbio! Sufuria la maharage likapinduka. Mama Rehema akaruka ukuta ambao mimi siupandi hata kwa ngazi. Mzee akavua kofia kwa heshima.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

Ikabidi mimi nijibu. "Ni wewe, mzee."

Mwenyekiti wa mtaa akasimama, akaonyesha picha, maua, mshumaa. "Nani kaweka vitu hivi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi aliyechelewa. Watu wote wakanigeukia, mimi na unga wangu. Madam Stella akasema taratibu, "Umetufanya tumlilie mtu mzima wa afya," akakusanya wageni wake, magari yakaondoka. Chakula chao kikaliwa na waombolezaji. (Wanasema pilau ilikuwa nzuri.)

Nilidhani aibu imeishia hapo. Mzee akakaa kwenye kiti cheupe, akachukua daftari, akawa anasoma majina moja moja, kidole chini ya kila jina. Anatabasamu.

"Watu wote hawa," akasema. "Sikujua." Akafunua ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza. "Na Elia? Hamkumwambia Elia?"

Elia ni mtoto wake pekee, yuko Mwanza. Mwenyekiti akatazama chini. "Tulimpigia, mzee."

"Akasemaje?"

Mama Rehema, aliyekuwa amerudi kwa kupitia getini, ndiye akajibu. "Alisema tuzike tu. Atakuja arobaini."

Mzee akafunga daftari. "Mwanza ni mbali," akasema. Nikatamani anitukane.

Tumempigia Elia tena kumwambia baba yake yu hai. Hapokei. Nimemchukua Mzee nyumbani kwetu, maana sikuweza kumwacha peke yake kwenye kile chumba.

Kaka ametuma ujumbe: kesho saa moja, mashineni. Yeye ana haki ya kucheka. Ninyi naomba msicheke. Au kama imewashinda, chekeni kwa sauti ya chini, kwa sababu Mzee Mghenyi yuko barazani kwetu na koti lake la pasi, simu mkononi, na hataki kelele asije akakosa kuisikia ikiita.