Ombi la Kuvuliwa Ushindi Tuliobambikiziwa

Kwa Bwana Frédéric,
Mwenyekiti wa Ligi ya Jumapili ya Wafanyabiashara,
Guangzhou.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaamu alaykum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisani, bonjour vilevile. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na ile suti yako ya kufungulia msimu. Sisi wa timu ya Zhanqian kiafya hatujambo. Moyoni ndiko tulikoumia, maana Jumapili tumeshinda.

Naanza kwa kukumbusha, kwa kuwa Kamati yako ina desturi ya kusahau inachokiamua. Mlitunga sheria kwamba timu itakayoshika mkia ndiyo itakayochagua kwanza miongoni mwa wachezaji wageni, hawa wanaoingia mjini na maonesho ya biashara ya Pazhou. Ulisema ni kwa ajili ya équité, yaani usawa, ukalirudia neno hilo mpaka likaisha utamu. Tukakubali. Basi mechi ya mwisho, kati yetu na Wakongo wa soko la vitambaa la Zhongda, sote tukiwa chini kabisa na pointi sawa, ikawa fainali ya kushindwa. Zawadi yake ni Chadrack, mshambuliaji aliyekuja juzi kutoka Lubumbashi kununua vitambaa, ambaye nimemwona kwa macho yangu akipiga danadana ndani ya lifti.

Bila Chadrack timu yetu inakufa. Wenzetu wengi wamesharudi Dar na Unguja, na sisi tuliobaki tunacheza kwa nguvu ya dawa ya kuchua. Malalamiko yetu ni haya:

1. Kushindwa ni kazi yetu, na tunaomba iheshimiwe. Zhanqian tumeshika mkia tangu ligi ianze, kwa jasho letu wenyewe, bila hila wala upendeleo. Tulifungwa wakati ambapo kufungwa hakukuwa na faida yoyote. Leo wamezuka watu, msimu uliopita walikuwa wa tatu, wanajifanya hawajui mpira! Hao ni washindwa bandia, Mheshimiwa. Wewe ni mfanyabiashara, unajua bandia inavyomuumiza mwenye mali halisi.

2. Pierre, nahodha wa Zhongda, amevunja mapatano. Tulikaa naye kwenye ngazi za duka la nguo, Zhanqian Road, tukapatana kama wanavyopatana watu wote mji huu, kwa kupokezana kalkuleta. Nikabonyeza tano, yaani watufunge tano. Akacheka, akabonyeza moja. Nikainuka kuondoka, akaniita nirudi, kama ilivyo ada. Tukamalizana kwa tatu, na sisi tuwapishe nafasi ya marobota yao kwenye kontena letu. Jumapili akaleta nini? Washambuliaji wake wakifika golini kwetu wanageuka na mpira kama watu waliosahau pochi nyumbani. Nilipomfuata, alinijibu bila haya: "Ndugu yangu, leo shiye hatuna na force, mutufunge tu." Sampuli mabao matatu, mzigo mtupu. Dukani mtu kama huyo angerudishiwa robota lake mbele ya wateja.

3. Refa wenu, Mugo, alitudhalilisha. Mpira ulikaa katikati ya uwanja na hakuna aliyeutaka. Badala ya kuheshimu ufundi wa timu zote mbili, alipiga filimbi na kupiga kelele: "Wasee, si mcheze basi! Mnaniaibisha!" Kelele hizo zilimtoa ofisini laobanniang, yule mama mwenye uwanja. Akatutazama, akainong'oneza simu yake ya kutafsiri, nayo ikatuuliza kwa Kiswahili cha adabu kabisa: "Je, mpira wenu bado haujaiva?" Ningemwambia nini? Kwamba watu wazima wamekodi uwanja wake ili wasiutumie, na kwamba Kamati nzima imekaa kitako ikatunga sheria ya kuwafikisha hapo?

4. Hapa ndipo penye kidonda. Kipa wa Zhongda aliacha goli wazi, akaenda pembeni kusikiliza ujumbe wa sauti kuhusu rangi ya kitambaa chake. Wakati huohuo mchezaji wetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa ana familia, alikuwa amepanda mbele kumkumbusha Pierre mapatano. Mpira ukamfikia wenyewe. Uwanja mzima, timu zote mbili, tulipiga kelele, "Usifunge!" Akafunga. Kisha akavua jezi na kuzunguka uwanja akiipeperusha, jambo linaloonyesha wazi kwamba akili ilikuwa imemruka. Kwa bao hilo la mgonjwa, Zhongda wameshika mkia wetu, mkia tulioulea tangu ukiwa mdogo.

5. Kama sheria yenu ni ya haki, basi itimizeni. Msimu ujao timu zisiingie uwanjani kabisa, maana uwanjani kuna hatari ya kushinda. Kila nahodha alete picha za magoti ya wachezaji wake na cheti cha daktari, Kamati ipime ubovu. Kombe apewe wa mwisho. Bingwa afungiwe kwa kukosa utu. Hata uongozi tuugawe hivyohivyo: anayevurunda zaidi achaguliwe wa kwanza. Hapo wewe, Mheshimiwa, huna mpinzani.

Kwa hayo tunaomba ushindi wetu ufutwe leo, Zhongda wapewe mabao yao matatu wayapende wasiyapende, mfungaji afungiwe msimu mzima ili iwe fundisho, na Chadrack akabidhiwe kwetu kabla Pierre hajaanza kumlisha.

Msalimie sana shemeji Marlène, msalimie Mugo na filimbi yake, wasalimie wajumbe wote wa Kamati, hasa waliolala siku sheria ilipopitishwa. Laobanniang naye apate salamu zetu, na samahani zetu.

Ni mimi mshindwa wako halali,

Gharib Mbarak,
Nahodha na beki wa kulia, Zhanqian.

Baada ya sahihi: Yule mchezaji ni mimi. Miaka yote niliyocheza hapa sijawahi kufunga bao, na Mheshimiwa, sikujua kuwa ni kutamu vile. Mwenzetu Abass alinirekodi kwa simu. Nikaituma video Unguja kwa mwanangu Lulu, ambaye amekua akiniona kwenye kioo cha simu tu, akiulizwa baba yako anafanya nini China hana cha kueleza zaidi ya maboksi. Mama yake anasema ameionyesha darasa zima, na mwalimu pia. Asubuhi hii, wakati nainakili barua hii vizuri, alinipigia akaniuliza, "Baba, utafunga tena lini?" Nikamwambia Jumapili ya kwanza ya msimu mpya. Kwa hiyo ukishaisoma barua hii, ichane. Chadrack mpeni Pierre, marobota yake nitayapakia bure. Ila msithubutu kuligusa bao langu, na msimu ukianza mimi nacheza mbele.