Kuze Hakuna Mgonjwa

"Kwa heshima na taadhima, Taasisi ya Utafiti wa Mifumo ya Afya inautangazia umma kwamba mtaa wa Kuze hauna mgonjwa hata mmoja. Si kwamba wamepungua. Hawapo. Tumewatafuta mlango kwa mlango, hatukuwaona."

Maneno hayo niliyasoma mimi mwenyewe, Daktari Abdulbasit, Naibu Mkurugenzi wa Ushahidi, mbele ya vipaza sauti vitatu. Udaktari wangu ni wa vitabu, si wa sindano. Najua kuna watu walicheka, maana watu wa Mombasa kwa kucheka hawajambo. Lakini mimi ni mtoto wa Bondeni mwenye digrii tatu, na hizo sikuziokota kwenye karai la viazi. Nikisema jambo, nina jedwali lake.

Utafiti wetu uliitwa Tathmini Shirikishi ya Hali ya Uzima na Uhitaji wa Huduma Ngazi ya Mtaa. Jina peke yake lilituchukua vikao vinne na sambusa zisizo na idadi. Hojaji ilikuwa na maswali thelathini na manane, na swali la kwanza nililitunga mimi: "U hali gani?" Mtu akijibu kwamba ni mgonjwa, aulizwe ana ugonjwa gani, tangu lini, na dawa apata wapi. Akijibu "njema", aruke moja kwa moja hadi swali la thelathini na nane, ambalo lasema, "Ahsante kwa muda wako."

Tulibisha milango mia nne na kumi na miwili. Tukapata njema mia nne na kumi na mbili. Tangu niingie kazi hii sijaona data safi namna ile. Wallahi, nilitokwa na machozi.

Mkusanyaji wetu wa data alikuwa Bi Mumo, mtu wa Kitui. Mchapakazi, sina la kumsingizia, ila ana kasoro moja: huangalia. Mimi nilimwajiri aulize, yeye aangalia. Siku ya kwanza tu alikuja ofisini kwangu, tableti kaikumbatia kifuani.

"Daktari, yule mzee wa nyumba ya kumi na saba, Mzee Abdulghafur."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Njema, alhamdulillahi.' Lakini mlango ulikuwa wazi nikamwona. Amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa bendeji mpaka gotini, na mkewe anampepea."

"Amesema njema?"

"Amesema."

"Andika njema."

"Na yule mama wa nyumba ya thelathini amekohoa dakika nzima ndipo akasema njema."

"Kukohoa si jibu, Bi Mumo. Hatuna kisanduku cha kukohoa."

Akaishusha tableti, akasema, "Kwetu mtu akiwa mgonjwa, ukimuuliza anakwambia ni mgonjwa."

"Ndiyo maana kwenu kuna wagonjwa," nikamwambia.

Nikamweleza kwa upole kwamba mtafiti hana macho, ana visanduku. Kisha nikafungua chupa ya maji, ya tano tangu asubuhi. Siku zile nilikuwa na kiu kidogo. Nilikuwa naenda haja kila nusu saa pia, na suruali zilinilegea hata mkanda ukaniishia matundu. Nilijua ni kazi nyingi. Ungeniuliza, ningekwambia njema.

Ripoti ilipomfikia Mkurugenzi Mkuu, Bwana Oliver Kavumbi, aliisoma akiwa amesimama.

"Daktari, hii ni historia," akasema. "Mtaa wa kwanza kufikia uzima kamili!" Halafu akauliza swali zito la kisera: pasipo na wagonjwa, zahanati ni ya nini?

Kuze kuna Zahanati ya Chonga, nayo ni vyumba viwili, baraza moja, muuguzi mmoja na friji moja. Kamati ikaazimia, bila kupingwa, zahanati ifungwe na kugeuzwa Kituo cha Umahiri wa Uzima, ambapo mitaa mingine itakuja kujifunza namna ya kutougua. Muuguzi, Sista Nasiha, apelekwe kwenye mitaa ambayo bado iko nyuma. Friji ihamie ofisi ya Mkurugenzi ili kuhifadhi vielelezo. Vielelezo vyenyewe ni soda za wageni, lakini lugha ya kamati ina adabu zake. Mimi nikapewa ofisi katika kituo kipya, yenye feni mbili.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, nikaenda kumwamkia shangazi yangu, Bi Ummukulthum. Nyumba yake iko hatua arubaini kutoka zahanatini. Nazijua ni arubaini kwa sababu yeye huzihesabu. Kila asubuhi hujikongoja mpaka kwa Sista Nasiha akadungwe sindano yake ya sukari. Macho yake hayaoni tena alama za bomba la sindano, na mikono yatetemeka. Siku moja alijidunga mwenyewe, akazidisha, tukamkuta sakafuni hana habari. Tangu hapo dawa yake hukaa kwenye friji ya zahanati, na sindano haigusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Na wewe?"

"Njema, twamshukuru Mungu. Pita ndani."

Akanitilia kahawa, akanisogezea sahani ya kaimati zilizorowa shira. Nikala saba. Nilipomaliza kikombe cha pili, ndipo akasema, "Basit, nasikia wanifungia zahanati."

"Si mimi, shangazi. Ni data."

"Data ni mtoto wa nani?"

"Ni majibu yenu wenyewe. Bi Mumo alikubishia mlango wako huu. Ulijibu njema."

Akaliweka dele la kahawa chini, taratibu.

"Mtoto wa watu amesimama mlangoni na jua lote lile," akasema. "Hajaingia, hajaketi, hajanywa hata maji. Aniuliza u hali gani. Nimjibu nini? Nimfunulie maradhi yangu njiani, wapita njia wasikie? Hatukulelewa hivyo, Basit, wala wewe hukulelewa hivyo. Mtu huingia ndani kwanza, akala, akanywa. Hayo mengine huja yenyewe."

"Shangazi, hojaji haina nafasi ya kahawa."

"Basi hiyo hojaji haina mama."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanishika mkono. "Nifanyie njia, mwanangu. Sista akiondoka, nani atanidunga? Mimi naogopa."

Sifichi, neno hilo lilinichoma. Huyu ni mwanamke aliyezika waume wawili bila kusema anaogopa. Basi nikamweleza njia iliyopo: kuna Fomu ya Kufungua Upya Takwimu, ambayo hutiwa sahihi na Naibu Mkurugenzi wa Ushahidi.

"Naibu ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi tia."

"Siwezi, shangazi. Wewe ni jamaa yangu. Utakuwa mgongano wa maslahi."

Alinitazama sana. Kisha akaniongeza kahawa, maana ndivyo alivyolelewa.

Sherehe ya kufunga zahanati ilikuwa Jumatano, saa nne za asubuhi. Tulileta utepe, viti vya plastiki na spika moja kubwa. Jambo ambalo kamati haikulijadili ni kwamba lori haliingii Kuze. Friji ikabidi itoke kwa mkokoteni wa Kenga, hamali wa Marikiti, imesimamishwa wima na kufungwa kamba. Dawa zilikuwa bado zimo ndani, kwa kuwa kibali cha kuzitoa kilikuwa hakijatoka. Kenga akavuta hatua arubaini hasa, akafika kwenye kona ya baraza ya shangazi, friji ikakwama baina ya baraza na ukuta wa jirani.

"Haiendi mbele wala nyuma, mkubwa," akasema Kenga akipangusa jasho.

Njia ikafungika. Mkurugenzi, aliyekuwa akija kwa miguu kutoka upande wa pili, akaamua sherehe ifanyike hapohapo. Utepe ukafungwa kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye nondo za dirisha la shangazi. Mtaa mzima ukatoka. Mzee Abdulghafur aliletwa na wanawe wanne, amebebwa juu ya kiti, mguu umenyooshwa mbele.

"Ndugu zangu wa Kuze," Mkurugenzi akaanza, "hamjambo?"

"Hatujambo!" wakaitika wote kwa sauti moja, Mzee Abdulghafur akiwashinda.

Mkurugenzi akanigeukia. "Waona, Daktari? Uthibitisho huru."

Ikawa zamu yangu kuhutubia. Nikafungua karatasi, maandishi yakaanza kunichezea. Mdomo ulikuwa mkavu, ulimi mzito. Nikasema, "Kwa heshima na..." na taadhima sikuifikia. Nilianguka chali juu ya baraza ya shangazi.

Sista Nasiha alinifikia kabla ya mtu mwingine yeyote, mkoba wake mkononi. Akapiga magoti, mkono ukaenda kwenye mkoba, halafu ukasimama. Nilijua kwa nini. Tangu matokeo yatangazwe kulikuwa na Mwongozo, wenye sahihi yangu, unaosema mhudumu asimguse mtu kabla ya kujaza Swali la Kwanza. Nilikuwa nimeshamwandikia barua mbili za onyo kwa kutibu watu waliosema njema. Barua ya tatu ingekuwa ya kumfuta kazi.

"Daktari," akasema, "u hali gani?"

Naapa sikujibu mimi, mdomo ulijibu wenyewe. "Njema, alhamdulillahi."

Watu wakaguna. Bi Mumo alikuwa amesimama na tableti yake. "Niandike?" akauliza.

"Andika njema," akasema Mkurugenzi. "Daktari amelemewa na furaha." Kisha akainama akaninong'oneza sikioni, "Shikilia hapohapo. Wewe ni wa mia nne na kumi na tatu."

Sista akaniuliza mara ya pili, na safari hii niliona machozi yamemlenga. Nilitaka kusema. Lakini Mkurugenzi alikuwa amenishika bega, jedwali langu lilikuwa limebandikwa kwenye friji, na mtaa mzima wanitazama. Nikasema tena njema.

Hapo shangazi akatoka ndani, akishika ukuta. Akaketi barazani, akakiweka kichwa changu mapajani mwake, akanitia maji mdomoni kwa kikombe chake cha bati.

"Mwondoshee mkono mwanangu," akamwambia Mkurugenzi, naye akauondosha. Kisha akaniinamia. "Basit. Hapa si mlangoni. Uko kwangu, kichwa chako ki mapajani mwangu, ushakunywa maji yangu. Sasa nambie. U hali gani, mwanangu?"

"Mgonjwa, shangazi," nikasema. "Mimi mgonjwa, na naogopa kufa."

Bi Mumo akaandika upesi kabla sijageuza neno.

Sista akanidunga kidole, akatia tone kwenye mashine yake. Mashine ikakataa kutoa nambari, sukari ilikuwa imepita kipimo. "Friji! Kenga, fungua friji!" Kenga akakata kamba, akafungua mlango palepale juu ya mkokoteni, akatoa chupa iliyokuwa mbele kabisa. Nilikuwa naona ukungu, lakini jina juu yake nililisoma: Ummukulthum.

"Mpe," akasema shangazi.

"Ni yako ya mwisho, Bi."

"Nimesema mpe."

Chupa ya maji ya mshipa, aliyoitoa Sista mkobani, haikuwa na pa kuning'inia, ikafungwa kwenye nondo za dirisha kwa utepe wa sherehe. Makasi tulikuwa nayo.

Mkurugenzi akajikohoza kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, mmoja kati ya mia nne na kumi na watatu ni hitilafu ya kitakwimu. Matokeo yanasimama."

"Bi Mumo," Mzee Abdulghafur akaita kutoka kitini kwake, kana kwamba hakusikia kitu. "Waniaibisha, mwanangu. Kila siku wapita kwangu huingii. Leo njoo unywe kahawa."

"Na kwangu," akasema mama wa nyumba ya thelathini, akakohoa.

"Pita ndani, Bi Mumo!" zikaja sauti kutoka kila baraza.

Akaingia. Kazi ile ilimchukua siku kumi na tisa, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na dele lake, na hakuna aliyesema lake kabla ya kikombe cha pili. Aliongezeka kilo nne. Wagonjwa wakapatikana mia mbili tisini na wanane. Fomu ya Kufungua Upya Takwimu niliitia sahihi nikiwa nimelala, na safari hii mgongano wa maslahi haukunisumbua. Kenga, akisukumiwa na wana wanne wa Mzee Abdulghafur, alikuwa ameinasua friji na kuirudisha zahanatini, na dawa ya shangazi ililetwa mpya kabla jua halijatua siku ileile niliyoanguka.

Sasa mimi ni mgonjwa wa Zahanati ya Chonga. Kila asubuhi nampitia shangazi, twahesabu hatua arubaini pamoja, twakaa benchi moja. Wiki jana Mkurugenzi alikuja na barua, ananitaka nitie sahihi kwamba siku ile nilikuwa mzima ila niliteleza. Alisimama mlangoni mwa zahanati, juani.

"Daktari, u hali gani?"

Nikamwambia. Nilianzia kiu ya kwanza, nikaja kwenye mkojo, nikamweleza vidole vya miguu kimoja kimoja. Ilichukua kama nusu saa. Alisikiliza akipangusa uso, akamaliza chupa mbili za maji, na mara mbili aliuliza choo kiko wapi.

Sista Nasiha akamtazama kwa makini. "Mkurugenzi, karibu ndani uketi."

"Ahsante, sikai."

"Kahawa hii, baba," akasema shangazi, ambaye siku hizi huja na dele lake.

"Nashukuru, nina haraka."

"Basi u hali gani?" akauliza Sista.

"Njema!" akasema Bwana Kavumbi. "Njema kabisa." Akaivuta suruali juu, akafungua chupa ya tatu, akaenda zake.

Bi Mumo, ambaye siku hizi huandikisha wagonjwa hapo zahanatini, alinigeukia na tableti yake mkononi.

"Amesema njema?" nikauliza.

"Amesema."

"Andika njema," nikamwambia. "Na hiyo kahawa isitoke motoni."