Firimbi ya Kumvusha Maman

Jumatatu, 1 Machi 1976

Mama yangu, Maman Eulalie, amekataa tena kuvuka barabara. Mwaka mzima hajakaa na rafiki yake Euphrasie, anayeishi ng'ambo, hatua ishirini tu. Wanapungiana mikono kama watu wa nchi mbili.

Nilipokuwa mtoto hapa Nyalukemba, barabara ilikuwa yetu. Akina mama walitembea katikati na vikapu vyao, wakasimama kupiga soga, na gari la barua likangoja mpaka umbeya uishe. Ah, gari lile! Lilikuwa na adabu. Mistari ya kuvukia bado ipo, ila madereva wanaidhani ni mapambo. Wa kwanza ni jirani yangu Venant. Tulicheza naye mpira wa majani ya migomba papo hapo barabarani! Leo ana Volkswagen, na akituona kwenye mistari anaongeza mwendo.

Jumatano, 3 Machi

Nimepata! Asubuhi walipopandisha bendera kwenye kituo cha askari hapa barabarani, gendarme wa zamu alipiga firimbi. Magari yote yakasimama, hata la Venant. Bendera ikipanda au ikishuka, nani athubutu kusogea? Mimi pia nilisimama, bila shaka.

Nimeazima firimbi ya mwalimu wa michezo. Ijumaa saa kumi Maman atavuka. Ameuliza kama nina hakika. Nimemjibu kwamba hili nimelifikiria pande zote.

Ijumaa, 5 Machi

Balaa. Nilipiga, magari yakasimama. Venant akashuka, akasimama wima. Raha iliyoje! Lakini Maman naye akasimama, katikati ya barabara. Ni mwananchi mwema. Nikamkonyeza aendelee, akanikazia macho.

Nyuma yangu gendarme alikuwa amepiga saluti. Kwa desturi, firimbi ya pili ndiyo inayowaachilia watu. Nikiipiga, atajua ni mimi. Nikabaki nayo mdomoni.

Kisha Euphrasie akatoka kwake na fimbo, hajali bendera wala nani. Akamshika Maman mkono. Wakatembea polepole kati ya magari yaliyonyamaza, wakisimama kidogo kupiga soga, kama zamani. Nikawa na miaka saba tena. Nikalia. Kwikwi ikapita kwenye firimbi, ikalia nayo.

Gendarme akaja mbele yangu.

"Citoyen," akasema, "drapeau, bendera yetu, inashukaka saa kumi ama saa kumi na mbili?"

Jumamosi, 6 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Nimepewa ufagio na barabara ile ile, Jumamosi nne. Venant alipita, akapunguza mwendo ili anicheke vizuri. Akasema hata kwenye mpira wa migomba nilikuwa nalia hivyo hivyo. Kumbe anakumbuka! Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alipoondoka, alinirushia matope.

Jumapili, 7 Machi

Maman hajarudi. Yuko kwa Euphrasie tangu juzi. Nilisimama upande wangu nikamwita, nikamwambia bugali imeniungulia. Akajibu kwa sauti, akiyaonyesha magari kwa kidole:

"Nitavuka mituka ikisimama tena. Ndio vile tulizoea."

Sasa tunaopungiana mikono ni mimi na yeye. Nyumba ni kimya, nimemkosa vibaya.

Lakini kwenye misa nimefikiri. Kuna kitu ambacho hata Venant anakisimamishia gari: jeneza. Anaclet seremala ameahidi kutuazima moja kesho, na watu wanne wa kulibeba. Litatoka kwa Euphrasie mpaka kwetu, Maman atafuata nyuma kwa kitambaa cheusi. Lazima liwe na uzito, watu wasishuku. Nitalala ndani mimi.

Firimbi nitaingia nayo, ikitokea shida.