Gari Langu na Chaja Isiyo na Adabu

Jumanne, 4 Juni
Gari langu la umeme limefika. La mtumba, rangi ya maziwa. Nililiwasha nikadhani limezimika, kumbe linanguruma kimoyomoyo. Nikazunguka nalo mtaani kama naota. Hata kuku hawakukimbia.

Mdogo wangu katoka kulazwa. Daktari kasema kelele ni mwiko kwake. Jumamosi anarudi kwake, mlimani. Shemeji, mumewe, anataka kumpakia kwenye pikapu inayokohoa kuliko mgonjwa. Nimemwambia mke ni wako, lakini ziwa moja tulinyonya sisi. Nampeleka mimi.

Jumatano, 5 Juni
Soketi ya nyumbani inalilisha gari kwa kijiko. Na hata likishiba, mlimani halifiki bila kula njiani. Nikaenda kujaribu kituo cha chaji ya haraka. Mdomo wa gari na mdomo wa waya hailingani. Fundi wa kituo, mwanamama wa miwani, akasema bibi, gari lako la kizamani, na vituo vyote vya njiani ni kama hiki. Nikamjibu nimelea watoto waliokataa uji, leo wote wana vitambi.

Mchana nikasinzia kiti cha nyuma. Nikaota mdogo wangu kalala, milima inapita dirishani taratibu, kama nguo kwenye kamba.

Alhamisi, 6 Juni
Muuza simu kaniuzia kiunganishi cha kupatanisha midomo hiyo. Kimeingia huku na huku, pa! Kioo cha chaja kikaandika hapana.

Fundi akaniambia kuingiana si kuelewana. Chaja na gari lazima visalimiane kwanza, ndipo umeme utoke. Kumbe adabu tu. Nikauliza nani mkubwa. Akasema gari. Basi chaja ndiyo ianze, itoe shikamoo. Nikaikemea mpaka foleni ikafika barabarani. Haikufungua kinywa. Shemeji alipita, akauliza kama imeitika.

Ijumaa, 7 Juni
Nimewaza. Kituo cha mjini kimelelewa vibaya. Cha njiani kiko shamba, katikati ya mahindi. Watu wa shamba husalimia.

Shemeji kaja, mpole safari hii. Kaniomba nisije nikamwacha mkewe porini. Kisha kaomba atufuate kwa mbali, kelele zisimfikie. Nimemruhusu. Kumbe naye ana moyo, ingawa kauficha.

Jumamosi, 8 Juni
Tumeteleza kama wingu. Mdogo wangu alifumba macho, akasema ni kama tumebebwa mgongoni na mama. Nami nilimhisi.

Kituo cha shamba: kioo kile kile, hapana ile ile. Nikasema twende tu, Mungu yupo. Gari likaishiwa umeme, likalala chini ya mlima. Mdogo wangu akaanza kutetemeka kwa baridi, nami nikaanza kulitukana gari kwa sauti ya chini.

Shemeji akafika na kamba. Akafunga kamba ndefu, pikapu ikanguruma huko mbele, kwetu kimya. Ukungu ukatuzunguka. Mdogo wangu akaniegemea begani, akalala hadi mlangoni kwake.

Wakati anafungua kamba, shemeji kaniuliza kama sasa nimeona. Nimeona. Halinywi petroli, halili umeme, na mlima linapanda. Nimemwambia kesho naanza kumtafutia na yeye la kwake.