Uduvi Wenu Umepeperuka Mukuyuni

Mukuyuni, Agosti 1984

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa mapishi,

Pokea salamu za mama mwenye madarasa matatu. Nikikosea uandishi usinicheke. Nicheke kwa haya mengine.

Kijana wangu Ndolo anarudi Jumamosi kutoka Japani, alikopelekwa na kazi kusomea injini. Miaka miwili! Ninaogopa ataangalia muthokoi wangu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kama mgeni. Ndipo nikaona gazetini kitafunio chenu cha Kichina, uduvi juu ya mkate. Nikafikiri Uchina na Japani ni kama hapa na Tawa kwa jirani zetu, chakula hakiwezi kuachana sana. Leo nimejaribu. Nina malalamiko.

1. Mmesema kinaliwa kabla ya chakula, kuamsha hamu. Ndugu, mwaka huu wa mahindi ya njano ya msaada, hamu yetu haijalala hata siku moja. Kinacholala ni chakula.

2. Mmeandika "ondoa maganda", mkanyamaza. Mahamud wa dukani aliniagizia uduvi mkavu kutoka Mombasa kwa lori la shemeji yake, akaniambia kwao wanakula ngamia, mnyama wa kuonekana, hawa wenye ndevu nitakula peke yangu. Sasa maganda mimi najua kuyatoa kwa njia moja, ile ya mahindi. Nikaunyunyizia maji, nikautwanga kwenye kinu cha muthokoi, nikaupepeta kwa uteo. Maganda yakaenda na upepo. Uduvi pia. Kuku wangu wamekula chakula cha hoteli, na mmoja ananiangalia vibaya nikimpa pumba. Uliobaki ni ule ulioshikana na chenga za mahindi ndani ya kinu.

3. Sosi nyeusi ya soya. Sisi tusio nayo je? Kwa picha niliona tu ni nyeusi, nikachemsha majani ya chai na chumvi. Picha ni yenu, kosa ni lenu.

4. Syokau wa kanisani alisikia harufu akaja na Biblia, kwamba cha majini kisicho na magamba ni machukizo. Alisoma Walawi huku anatafuna. Vitatu, ati awe shahidi.

Kwa hivyo mtangaze kwamba mapishi ya bahari yasisomwe na mtu ambaye mto wake ni mchanga mtupu, hauna maji. Pia mumwandikie Ndolo barua ya radhi, yenye muhuri, ajue mama yake alijaribu.

Nisalimie wapishi, wachapaji, na mama yako mzazi. Mtembelee, wewe.

Ni mimi mwenye hofu na harufu,
Nthenya, Mama Ndolo

N.B. Kabla sijafika posta, Ndolo alifika. Nilikuwa nimepika tena, kinu kile kile. Akatafuna kimoja amefunga macho, nikajua nimekwisha. Kumbe huko Japani alikuwa akila vya bahari amefunga macho hivyo hivyo, akijidanganya ni muthokoi. Akasema hiki changu hakitaki kujidanganya, ladha ya muthokoi iko ndani. Amekwaruza mpaka sufuria. Futa malalamiko yote, acha la kuku tu. Na yale mapishi yenu ya kaa wa baharini, ukurasa ulichanika: kabla ya kumtwanga, ananyunyiziwa maji kiasi gani?