Kuku Thelathini na Wawili Ndani ya Friza

Jumatatu, 7 Oktoba

Friza imeanza uhuni. Ile ya kusimama, ndefu kuliko mimi, iliyoko kwenye kona ya jiko. Asubuhi nimekuta theluji imejaa rafu ya juu, mguu mmoja wa kuku umegandia ukutani kama msumari wa kutundikia koti. Mota inanguruma bila kupumzika. Mlango ukiusukuma unafungika; ukigeuka, unajiachia kidogo, kama mtu anayetega sikio.

Mke wangu amesema apigiwe simu kaka yake. Kaka yake ni fundi wa friji na friza, ana gari lenye picha ya pengwini ubavuni. Nimekataa. Nimekataa mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Huyu shemeji ndiye aliyetangaza mbele ya ukoo mzima, watu wakiwa na sahani mikononi, kwamba mimi hata tochi naweza kuiunguza. Tangu siku ile tunasalimiana kwa kidevu.

Tena mimi ni mtu wa vifaa! Miaka kumi na moja nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi wenyewe huniuliza bisibisi ya nyota iko wapi.

Mke wangu amenikumbusha kilichomo ndani. Kuku thelathini na wawili, wa chakula cha kumuaga mwalimu anayestaafu. Jumamosi, shuleni, saa saba mchana. Ni kazi yake kubwa ya kwanza tangu aanze kupikia watu. Wakiridhika, watamkabidhi jiko la shule. Wasiporidhika, amesema, atarudi kushonea watu vifungo mpaka macho yamtoke. Nimemwambia kuku wako mikononi mwangu. Hakuonekana kufarijika.

Jumanne, 8 Oktoba

Uchunguzi umekamilika. Nimesoma kwenye simu: fungia kipande cha karatasi mlangoni, halafu kivute. Kikitoka kwa urahisi, mpira wa mlango haubani, hewa ya joto inapenya, nayo ndiyo inayogeuka theluji. Nimefungia ukurasa wa kalenda. Sikuhitaji hata kuuvuta. Umeanguka wenyewe.

Kona ya chini, mpira umechomoka, unaning'inia kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa sukari. Shemeji angefika, angetikisa kichwa, angepiga mluzi. Mimi nimeleta kopo la gundi kutoka dukani. Ile nzito ya manjano. Wateja huwa nawaambia inashika hata kisichotaka kushikwa.

Maelezo kwenye simu yaliendelea. Nadhani yalitaja sabuni na maji ya uvuguvugu. Sikumaliza. Mtu akishaelewa, kusoma ni kupoteza muda.

Nimepaka kona. Gundi ikabaki. Nikaona si vizuri kuitupa, nikaizungusha kwenye mpira wote. Nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo dakika kumi ili ushike.

Umeshika.

Jumanne, jioni

Umeshika mno.

Jumatano, 9 Oktoba

Tusiangalie upande mmoja tu wa jambo. Friza haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii. Mota inapumzika. Hakuna hata tone la maji sakafuni. Kama kazi ya mlango ni kuzuia hewa, basi mlango wangu ndio bora kuliko yote katika jengo hili. Tatizo lililobaki ni dogo, nalo ni kuufungua.

Mke wangu nimemwambia friza iko kwenye matibabu, isiguswe kwa saa arobaini na nane. Akauliza nani kasema. Nikasema wataalamu. Akauliza wataalamu gani. Nikakumbuka nimechelewa kazini.

Ngazini nimekutana na bibi wa jirani. Mwuguzi mstaafu, goti lake la kushoto linamsumbua, na pakiti yake ya barafu huilaza kwetu kwa sababu friza yake imejaa samaki wa mwanawe. Kila asubuhi huja kuichukua. Nimemwambia leo haipatikani. Akauliza imeenda wapi. Nimempelekea chupa ya soda baridi akandie goti. Baada ya robo saa nikamsikia akicheua kupitia ukutani.

Mchana, mke wangu yuko sokoni kutafuta viungo, nimerudi nyumbani kwa siri. Majaribio yafuatayo yamefanyika.

Uzi wa kuvulia samaki, nipitishe kati ya mpira na mwili wa friza nikate gundi. Uzi umekatika. Gundi haikujali.

Mvuke wa birika. Jiko limekuwa bafu. Rangi ya ukuta imeanza kutoa malengelenge. Gundi imeng'aa tu.

Nguvu. Nimeweka mguu wa kulia kwenye friza, nimeshika kishikio kwa mikono miwili, nimevuta kwa hasira ya miaka mingi. Kitu kikaachia! Furaha yangu haikudumu: kilichoachia ni kishikio. Nimesafiri nacho kinyumenyume mpaka kwenye beseni la vyombo. Sahani mbili hatunazo tena.

Kishikio nimekirudisha kwa gundi ileile. Kimekaa juu chini, lakini mtu asiyejua hawezi kugundua. Kidole gumba changu pia kimeshika, kwenye kifuniko cha kopo. Nimekula chakula cha jioni mkono mmoja ukiwa mfukoni. Mke wangu akauliza nimeficha nini. Nikasema ni baridi. Akatazama dirisha lililo wazi na jasho langu, akaendelea kula.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kidole nimekikomboa kwa mafuta ya taa na maumivu. Kifuniko kimeondoka na ngozi kidogo. Sijutii.

Saa kumi alasiri mke wangu ameingia jikoni na masinia. Kuku lazima watolewe leo wayeyuke, kesho waingie kwenye viungo. Nilikuwa nimepanga hotuba. Hakunipa nafasi. Ameshika kishikio, akatua, akakitazama. Akauliza kwa nini kiko juu chini. Nikasema ni toleo jipya. Akavuta. Friza nzima ikasogea mbele pamoja na mlango wake, kama ng'ombe anayefuata kamba.

Ameinama, amenusa. Amepitisha ukucha kwenye ule mstari wa manjano kuanzia juu mpaka chini, taratibu. Halafu ameketi kwenye kigoda na kunyamaza. Mke wangu akipiga kelele najua pa kujificha. Huu ukimya sikuwa nimeujengea banda.

Nimemwambia asiwe na hofu, mpango wa pili uko tayari: dukani tuna mashine ya kukatia vyuma, naweza kuingilia kwa nyuma. Ameinuka. Amesimama kati yangu na friza na mwiko mkononi.

"Ukiigusa tena hii friza, nitakufungia wewe humo ndani."

"Haifunguki," nikamjibu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Ulikuwa ukweli, lakini kila ukweli una saa yake.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Amesema, kwa sauti ndogo, kwamba kwa miaka minne amekuwa akipika kwenye sherehe za watu kama msaidizi, akimenya vitunguu vya wengine, akingoja siku moja mtu amwite kwa jina lake na kumwambia jiko ni lako. Na siku imefika, na kuku wako nyuma ya mlango. Akajifuta macho kwa kiwiko, mikono ilikuwa na bizari. Nikataka kusema kitu. Nikasema chai ipo. Haikuwepo.

Amempigia kaka yake. Kaka amesema yuko mbali kikazi, atakuja kesho asubuhi. Nimetamka wazi kwamba sitakuwepo kushuhudia udhalilishaji huo. Nitaenda kazini kwa kichwa kilichoinuka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilikuwepo. Duka limenipa ruhusa bila mimi kuiomba. Nadhani ni kwa sababu ya lile kopo, ambalo sikulilipia.

Shemeji amefika saa moja na nusu na sanduku dogo kama la mswaki. Nyuma yake bibi wa jirani, amekuja kutazama, amebeba kiti chake mwenyewe. Shemeji amesalimia watu wote. Mimi amenipa kidevu. Nimemrudishia changu.

Ameizunguka friza. Ameinusa. Akauliza nani kapaka gundi. Wote wametazama kidole changu.

Nilitegemea nyundo. Nilitegemea moto. Jamaa amebandua kifuniko kidogo cha plastiki juu ya friza, kumbe chini yake ndipo bawaba ya mlango ilipo. Amefungua skrubu tatu. Akainama, akafungua za chini. Akaeleza, akimtazama dada yake lakini akisema na mimi, kwamba mpira umechomekwa tu kwenye mfereji wa mlango. Kama mpira umegandia upande wa friza, basi uache mpira uende zake, uuchomoe mlango. Ameshika kona mbili, ametikisa kidogo, akavuta. Paap! Mlango umetoka mzima mikononi mwake. Mpira umebaki kwenye friza kama fremu ya picha, na ndani ya picha kuku thelathini na wawili, wagumu kama mawe, weupe kwa barafu, hakuna hata mmoja aliyelegea.

Mke wangu amewagonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akihesabu kwa midomo. Alipomaliza amemkumbatia kaka yake. Bibi ametoa pakiti yake ya barafu, ameiweka gotini papo hapo, amesema ahsante Mungu.

Hapo nikaona ni haki yangu kusema. Nimewakumbusha kwamba siku tatu mlango haukufunguliwa hata mara moja, na ndiyo maana kuku wamekaa hivi. Bila mimi wangekuwa wameoza. Bibi ameomba nimsogezee kiti chake mbali kidogo.

Shemeji ameendelea kufundisha, hakuna aliyemwomba. Eti mpira ulikuwa mzima. Ulichomoka kona moja tu, ungerudi kwa kuusukuma kwa kidole. Haukubana kwa sababu ya uchafu wa juisi iliyokauka. Sabuni, maji ya uvuguvugu, kitambaa, dakika tano. Eti friza imeinamia mbele, miguu ya mbele inyanyuliwe kidogo ili mlango ujirudie wenyewe. Eti mabomba ya nyuma yamevaa koti la vumbi, yapigwe brashi kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa. Eti theluji isikwanguliwe kwa kisu; friza izimwe, ifunguliwe, iachwe. Nimemwambia hayo yote nilikuwa nayajua, ila mimi niliingia kwenye tatizo kwa kina zaidi.

Amecheka. Si kile kicheko cha siku ile mbele ya ukoo. Amecheka mpaka ameshika ukuta, mimi nikashikwa na kicheko pia, nikakizuia kwa kukohoa. Ametoa mpira mpya kwenye gari, ameuchomeka, amerudisha mlango, amefungia karatasi, amenipa nivute. Nimevuta. Imebana hadi imechanika. Nimemwambia kazi si mbaya.

Chai nimempikia mimi. Nilitia sukari nyingi makusudi. Ameimaliza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ushindi! Kuku wameliwa mpaka mifupa imetiwa aibu. Mwalimu anayestaafu amerudi kwenye sinia mara tatu, ya tatu akijifanya anampelekea mtu. Mwalimu mkuu amesimama, amemwita mke wangu kwa jina lake lote, amesema kuanzia muhula ujao jiko ni lake. Watu wamepiga makofi. Mke wangu alikuwa mlangoni na aproni, mkono mdomoni. Nimepiga makofi kuliko wote. Kidole kimeuma. Sikuacha.

Baadaye amekuja kukaa kando yangu, amenimegea kipande cha paja alichonifichia. Ameniomba kitu kimoja tu maishani: nisitengeneze tena chochote kinachotumia umeme. Nimeapa. Nimeapa huku nikitafuna, kwa hiyo sijui kama kiapo kinahesabika.

Ameenda kukusanya vyombo. Mwalimu mkuu akaja mezani kwetu. Akasema friza ya jiko la shule inatetemeka, inapiga kelele kama lori la kokoto, na sasa kwa kuwa mke wangu ndiye anayelichukua jiko, je, tunamjua mtu wa friza? Shemeji alikuwa pale pale, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa wali.

Nikawahi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefika shuleni asubuhi na mapema kufanya ukaguzi, mke wangu akijua nimeenda kunyoosha miguu. Hakuna jambo jepesi kama hili. Friza inatetemeka kwa sababu iko huru. Kitu kikiwa huru lazima kitetemeke. Nitaifunga sakafuni kwa bolti nne ndefu, moja kila kona, na tutaona itatetemekea wapi. Mashine ya kutobolea zege nimeiazima. Mwalimu mkuu ameuliza kama nina hakika bomba kuu la maji halipiti hapo chini.

Nimemwambia nitajua nikishatoboa.