Jiwe la Tano la Dadi Huseni

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kulinda shamba na mliowahi kusinzia mkililinda, niwape habari za Dadi Huseni, fundi baiskeli wa Kilangala, mshinda kutu, mfalme wa spana mbili, aliyetia jiwe la tano mahali palipoandikwa manne.

Mwaka ule wa vijiji vipya, shamba letu la ujamaa la mahindi lilivamiwa na ngedere, jeshi lisilo na kadi ya chama wala haya. Dunguni, juu ya jukwaa la kulindia, aliketi Bi Tawakali na kombeo lake, siku ya kumi na tisa bila wa kumpokea, magoti yamevimba. Binti yake Maftaha alikuwa Kilwa Kisiwani na mimba ya kwanza, mwezi umetimia. Lakini kijiji kilishapitisha azimio kwamba dungu lisiachwe tupu, na wenye zamu zilizofuata walikuwa wameugua wote kwa pamoja, homa ya aina moja.

Ndipo Dadi akatoa silaha. Mhandisi mmoja mgeni, alipomaliza kazi ya barabara ya Mingoyo, alimwachia boti ya kuchezea yenye mota ndogo ya usukani: ukisukuma kijiti kwenye kisanduku huku, mota inageuka kule, kwa mawimbi ya redio, bila waya. Dadi akaing'oa mota, akaifunga begani kwa sanamu ya makuti iliyovaa kanzu kuukuu, akaipa mkono wa mti, na mawe manne ya redio, yaani betri, akayapanga ndani ya mwanzi. Mota iliandikwa volti sita, yaani mawe manne tu, na mgeni alimwonya zisizidi.

Asubuhi hiyo mkono ulipanda kama wa mgonjwa anayeomba uji, maana mawe yenyewe yalikuwa yamekwisha, yakaanikwa juani juu ya bati kama kawaida yetu. Ngedere dume akaketi chini yake, akamenya hindi, akausubiri ufike.

Watu walicheka. Bi Tawakali hakucheka.

"Mwanangu Dadi," alisema kutoka juu, "lori la Kilwa linapita saa nane. Maftaha anajifungua, na mimi niko huku nimeatamia miti. Nionyeshe mkono, au niseme basi."

Dadi akavua kofia. "Mama, mimi ndiye niliyenyoosha rimu iliyokanyagwa na trekta. Sitashindwa na kiumbe asiye na suruali. Imeandikwa sita, kweli. Aliyeandika hajawaona hawa."

Akaifungua redio yake mwenyewe, akatoa mawe mapya manne, akajinyima taarifa ya habari. La tano akalitoa kwenye tochi. Akakata mwanzi mrefu zaidi. Kisha, mbele ya kijiji kizima, akasukuma kijiti.

Mota ikalia kama nyigu aliyefungiwa chupani. Mkono ukaruka, ukamkuta yule dume shavuni, na hindi likaenda upande wake na yeye upande wake. Ukapiga tena, mara saba, hata jeshi lote likamezwa na msitu. Mara ya nane ukapanda, ukagandia juu. Pakanuka plastiki, na moshi mwembamba ukatoka kwapani mwa kanzu.

Bwana Abdulrahmani, balozi wa nyumba kumi, akafungua daftari papo hapo. Hoja, kwa kura za wajumbe, ilikuwa Bi Tawakali aruhusiwe kushuka. Wanaokubali wanyooshe mikono: sita. Wanaokataa: sita, wale wa homa.

"Zimelingana," akasema Sebastiani, mgonjwa wao mkuu. "Azimio linabaki."

Balozi akaitazama sanamu, mkono umenyooka, moshi unatoka.

"Hesabu vizuri, Sebastiani. Kuna mwenzetu hujamwona, na leo amelinda kuliko wewe."

Bi Tawakali alishuka ngazi huku wakibishana, kikapu tayari kichwani, akaliwahi lori. Mkono ule haukushuka hadi mavuno, na ngedere hawakurudi. Na daftari la kijiji lipo hadi leo, mwenye shaka akalisome: waliokubali saba, sita kwa majina yao, na wa saba, "hakujitambulisha, alivaa kanzu."